Mgongo wa Baba Mkwe

Mama mdogo wangu Kristiana alikuwa na gunzi la hindi alilolichomeka kwenye ufa wa ukuta, juu kidogo ya mafiga. Halikuwa la kuwashia moto. Lilikuwa la mgongo. Jioni, akishamaliza kuosha vyombo, alilichomoa, akaketi kwenye kigoda na kujikuna taratibu pale ambapo mkono haufiki. Macho aliyafumba. Uso wake haukuonyesha raha wala maumivu, ulionyesha uchovu tu. Akimaliza alinipa mimi, nami nikajikuna, kisha nikampa Polikarp, mwanawe, ambaye alikuwa hajaanza shule.

Mimi naitwa Bertilla. Niliishi kwa mama mdogo kwa sababu baba na mama yangu walikuwa Kasanga, baba akipakia mizigo bandarini, na huko nilikosa utulivu wa kusoma, kwa hiyo wakanirudisha juu huku Ufipa nimalize darasa la saba. Baba mdogo Leonsi, mume wa Kristiana, naye hakuwepo. Alikuwa mvuvi Wampembe. Alipanda mlima na mzigo wa migebuka mikavu, akalala siku chache, akatelemka tena ziwani. Nyumbani tukabaki mama mdogo, Polikarp, mtoto mchanga Cornelia, mimi, na Babu Ignasi. Babu ni baba yake Leonsi, kwa hiyo kwa Kristiana ni baba mkwe. Alikuwa mjane, na nyumba yake ndogo ilitazamana na yetu, mlango kwa mlango.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamie kijijini. Zamani kila ukoo ulikaa kwenye kilima chake, ukitaka kumwona jirani unavuka bonde. Sasa nyumba zilipangwa mistari, na ukipiga chafya, wa nyumba ya tatu anakuambia, "Afya!" Mimi nilipenda. Mama mdogo alisema hata kuugua sasa tunaugua kwa mistari.

Kiuno chake kiliharibika alipomzaa Cornelia. Akiinama na jembe katika shamba la kijiji, kuinuka ilikuwa kazi nyingine. Ndipo wakampa kazi ya kupika uji wa watoto wadogo pale kituoni, wale ambao mama zao wako shambani. Ilihesabiwa kazi ya kijiji sawa na kulima. Sufuria ilikuwa kubwa, Polikarp aliweza kujificha ndani yake. Alikoroga uji wa ulezi kwa mwiko mrefu kama mpini, akiwa amesimama wima, na kiuno hakikumsumbua. Ukoko uliobaki ulikuwa haki yake, nasi tulimngojea nao kila mchana. Kama ulitaka kumwona Kristiana anacheka, ilibidi uende pale kwenye sufuria.

Kipupwe kilipoingia, na ule upepo wa Juni unaopenya hadi kwenye meno, upele ukaingia nao. Ulianzia katikati ya vidole, vipele vidogo kama chembe za ulezi. Ukaenda viganjani kwa nyuma, kiunoni, kwapani. Cornelia ulimtoka mpaka nyayoni. Polikarp alijikuna hadi vipele vyake vikawa vidonda vya usaha, akawa anakalia tako moja. Ajabu yake, mchana ulivumilika. Ukiingia tu kwenye blanketi, mwili ukapata joto, basi ni kama mtu amekumwagia siafu.

Kiongozi wa kituo alikuwa Mama Margareth, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Siku moja nilikuwa nimepeleka maji pale, nikasikia yote.

"Mama Polikarp, hebu nione vidole."

"Ni baridi tu, dada. Vimepasuka."

"Baridi gani inatoa vipele? Nyoosha. Hee! Na mkono huu ndio unaoshika vikombe vya watoto wa watu?"

"Nitakwenda zahanati."

"Nenda. Lakini mwiko uache hapa." Mama Margareth akashusha sauti, maana hakuwa mtu mbaya. "Sikufukuzi, mwenzangu. Nesi Luciana aje aniambie kwa mdomo wake kwamba nyumba yako imepona, utachukua mwiko wako. Ila halmashauri ya kijiji ikikaa mwisho wa kipupwe na wewe bado unajikuna, watapanga mtu mwingine. Hapo mimi sina la kusema. Utarudi kwenye jembe."

Mama mdogo aliegemeza mwiko ukutani, polepole, kama anayemlaza mtoto.

Kesho yake tulikwenda zahanati wote. Nesi Luciana alimgeuza Polikarp mbele na nyuma, akatazama vidole vyangu. Nilimuuliza upele unatoka wapi. Nilidhani atanifukuza, lakini alipenda kuulizwa.

"Ni mdudu," akasema. "Mdogo mno, humwoni kwa macho. Jike lake linachimba chini ya ngozi, linataga humo. Linahama mtu kwa mtu mnapolala pamoja, mnapobebana, mnapovaliana nguo. Siyo uchafu. Hata anayeoga kila siku anaupata."

Akatoa chupa ya dawa nyeupe kama maziwa. Ya Cornelia aliichanganya na maji yaliyochemshwa. Kisha akasema maneno ambayo ninayakumbuka vizuri kwa sababu nilimwomba ayarudie. Wote wa nyumbani mpakwe jioni moja, anayewashwa na asiyewashwa. Msipake kwenye vipele tu, pakeni kuanzia shingoni mpaka nyayo, katikati ya vidole, chini ya kucha, kwenye mikunjo. Msioge mpaka kesho jioni, halafu mrudie. Nguo na mablanketi yaingie maji ya moto, yaanikwe juani. Vidonda vya Polikarp vioshwe kwa maji na sabuni, na huyu atapata dawa nyingine ya usaha.

"Sasa," akauliza, akishika chupa nyingine tupu, "mko wangapi nyumbani?"

Mama mdogo alitazama chini. "Mimi na watoto hawa."

"Na mume?"

"Yuko Wampembe."

"Akipanda, na yeye apakwe."

Nikafungua mdomo nimtaje Babu. Mama mdogo akanikanyaga mguu.

Njiani nilimuuliza, "Mama, mbona hukumhesabu babu?"

"Nyamaza wewe! Baba mkwe wangu nimtaje kwenye habari za upele? Mbele ya nesi?"

Mambo ya wakwe niliyajua kidogo. Mke wa mtoto hamgusi baba mkwe. Haingii anapolala, hashiki mkeka wake wala blanketi lake, na mwili wake hautaji kwa neno lolote. Chakula cha Babu, mama mdogo alikiweka kizingitini, akarudi nyuma hatua kadhaa, akapiga magoti, akapiga makofi polepole, akaondoka. Tangu nianze kuishi kwao sikuwahi kuwasikia wanazungumza ana kwa ana.

Jioni ile tulipakana. Ilichoma! Polikarp alitoka mbio uchi, mweupe kama mzimu, akazunguka nyumba za mstari wetu zote akilia, na watoto wenzake wakamfuata wakishangilia. Kesho yake tulichota maji tangu asubuhi. Mama mdogo alichemsha nguo kwenye mtungi wa pombe, akazikamua akiwa amepiga magoti kwa sababu ya kiuno. Baada ya muda usingizi ukarudi. Tulilala kama magogo.

Halafu Polikarp akaanza kujikuna tena. Baada yake Cornelia, baada yake mimi, mwisho mama mdogo.

Tukarudi zahanati. Maji tena, kuni tena, moto, dawa, kelele. Tukapona. Polikarp akaanza tena.

"Hii dawa mnaipaka," nesi akauliza, "au mnamwagilia kabichi?"

Mama mdogo alimfunga Cornelia mgongoni. Alikuwa amekonda, na macho yake yalizama ndani. Alisinzia hata akimnyonyesha mtoto.

Mimi yule mdudu alinikaa kichwani. Nilimwomba mwalimu wa sayansi kile kioo cha kukuzia vitu, nikakaa juani nikiutazama mkono wangu. Mdudu sikumwona. Lakini niliona kitu! Kwenye ngozi, karibu na kipele, kulikuwa na mstari mwembamba uliopinda pinda, umeinuka kidogo, kama njia ya fuko inavyoinua udongo kwenye shamba. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba shamba lenyewe ni mimi.

Nikawaza: kama anahama mtu kwa mtu, kwa nini kila mara anaanza na Polikarp? Polikarp analala wapi?

Nilikimbia nyumbani. Mama mdogo alikuwa anachambua maharage.

"Mama! Nimejua! Polikarp analala na babu! Babu hajapakwa, na lile blanketi lake halijafuliwa tangu—"

"Najua," akasema.

Hakuinua hata uso.

"Unajua?"

"Nilijua tangu mara ya kwanza. Namwona anavyojisugua kwenye nguzo ya mlango." Akatupa jiwe lililokuwa kwenye maharage. "Sasa nifanye nini, Bertilla? Nikamwambie baba mkwe vua nguo nikupake? Au nikamwambie baba mkwe una upele? Nikishasema hivyo nitaishi wapi?"

"Baba mdogo akija amwambie."

"Leonsi ndiye atamvua baba yake nguo?" Akaweka ungo chini, akalaza kichwa kwenye magoti. "Nimechoka, mwanangu. Sitaki hata mwiko wenyewe. Nataka kulala."

Lakini aliutaka. Nilijua, maana asubuhi watoto walipopita kwenda kituoni na vikombe vyao alisimama mlangoni mpaka wakaisha.

Akajaribu njia yake. Alimzuia Polikarp kulala kwa Babu. Kwetu mjukuu analala na babu yake, ndiye joto lake na ndiye mtu wake wa masimulizi. Kumwondoa bila kusema kitu ni kama kumtangazia ubaya. Kesho yake ugali wa Babu ulibaki kizingitini mpaka kuku wakauona. Babu akaniita. Mimi ndiye niliyeweza kuongea naye, kwa sababu mjukuu na babu ni watani.

"Mke wangu," akaniambia, "nimemkosea nini mwanamke yule mpaka aninyang'anye mwenzangu?"

"Shikamoo, babu. Hujamkosea."

"Marahaba. Sasa je? Nalala peke yangu kama mbwa wa mlinzi."

Nikapumua. "Mume wangu, unajikuna."

"Huu ni upepo. Ngozi ya mzee inapasuka wakati wa kipupwe. Wewe subiri uzeeke, nitakucheka."

"Utakuwa umekufa."

"Nitakucheka huko huko niliko."

"Basi kabla hujafa nionyeshe mkono." Nilikuwa na kile kioo mfukoni. Nikauvuta mkono wake, mzito, umekauka kama ganda la mti, nikakitegesha juu ya kiungo cha kidole chake. "Tazama hapo. Ule mstari."

Babu alikuwa mtega fuko. Ujana wake wote, kabla hajakwenda Tanga kukata mkonge na baada ya kurudi, watu walimwita awatoe fuko mashambani. Akainama kwenye kile kioo, akakisogeza, akakirudisha.

"Hee," akasema. "Hii ni njia ya fuko."

"Ndiyo."

"Amepita hapa, akageukia hapa. Na hapa ndipo alipo." Akashusha kioo, akanitazama. "Mama yako ameziba matundu mangapi?"

"La mama, la Polikarp, la Cornelia na langu. Mara mbili."

"Akaacha hili."

"Ndiyo."

"Na fuko ukimwachia tundu moja, kazi yako yote ni bure. Anatokea palepale, anakudharau." Akajikuna kifua, safari hii bila kujificha. "Kumbe mimi ndiye tundu kubwa. Na yule mtoto wa watu anabeba maji kila siku, mimi nimekaa hapa namnunia."

Nikamweleza habari ya mwiko. Hakujua. Alisikiliza akitazama mlango wa nyumba yetu uliokuwa wazi.

"Dawa nitajipaka," akasema. "Miguu naifikia, tumbo nalifikia. Mgongo je? Leonsi hanivui nguo. Wewe ni msichana mkubwa. Huyo mwingine simtaji."

"Mimi!" akasema Polikarp. Alikuwa nyuma ya nguzo muda wote. "Mimi nitakupaka, mwenzangu! Nitakupaka mpaka ulie!"

Nikampelekea mama mdogo habari hiyo. Zahanati safari hii nesi aliuliza tena, kwa sauti ya kuchoka, "Mko wangapi?"

Mama mdogo alivuta khanga mpaka kwenye nyusi. "Mimi na watoto hawa. Na mwenzake Polikarp."

Nesi Luciana ni Mfipa kama sisi. Alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Huyo mwenzake Polikarp ni mkubwa?"

"Mkubwa."

"Anavuta kiko?"

"Anavuta."

"Mungu wangu," akasema nesi, akachukua chupa kubwa zaidi. "Na mimi nilikuwa nalaumu dawa."

Jioni ya kumpaka Babu nitaikumbuka. Babu na Polikarp walikuwa nyuma ya nyumba ya Babu, ndani ya ua wa mabua. Polikarp alishika brashi ya chokaa. Mama mdogo alisimama upande wa pili wa ua, amewapa mgongo, uso ameuelekeza mashambani.

"Polikarp," akasema, "mwambie mwenzako aanze shingoni."

"Anza shingoni!"

"Mwambie huyo anayesema na upepo," Babu akajibu, "kwamba shingo imekwisha."

"Shingo imekwisha, mama!"

"Sasa wewe paka mgongo. Wote. Usiruke mahali."

"Napaka. Mama, mgongo wake mrefu!"

"Mwambie ainue mikono, kwapani pasisahaulike."

"Inua! Juu! Kama mtu wa polisi anakukamata!"

"Aaah! Mwambie dawa yake hii inachoma kama pilipili!"

Halafu mama mdogo akasema, taratibu, "Mwambie hata sisi ilituchoma."

Polikarp alisahau kuyapeleka maneno hayo. Lakini Babu alikuwa ameyasikia, maana hakupiga kelele tena. Akasema tu, "Mwambie nimesikia."

"Mwambie isiwe mgongo tu," akaendelea mama mdogo. "Katikati ya vidole. Chini ya kucha. Nyayo. Na sehemu nyingine anazijua mwenyewe, ageuke azipake mwenyewe."

Babu akacheka mpaka akakohoa.

Blanketi lilikuwa jambo jingine. Alilinunua Tanga, zito kama ngozi ya ng'ombe, na aliapa halitaonja maji akiwa hai. Asubuhi yake alilitupa mwenyewe juu ya ua. Nililivuta kwa fimbo mbili hadi kwenye mtungi uliokuwa unachemka. Maji yalitoka meusi kama kahawa. Mama mdogo hakuligusa. Alichochea kuni tu, akaniambia geuza, kandamiza, geuza. Lilipolowa sikuweza kuliinua, na yeye hakuruhusiwa. Tulikaa tukilitazama. Mwishoni Babu mwenyewe akatoka, mama mdogo akaingia ndani haraka, na mimi na Babu tukalikamua na kulitandaza juu ya matuta. Halikukauka siku ile wala iliyofuata. Babu na Polikarp walilala ndani ya magunia mapya ya ulezi.

Baba mdogo Leonsi alipanda na migebuka yake siku hizo hizo. Kabla hajatua mzigo alikuta mkewe mlangoni na chupa. "Nimekosa nini?" akauliza. "Vua shati," akajibiwa. Akapakwa.

Lakini bado tuliwashwa! Hilo ndilo lililommaliza mama mdogo. Babu akapiga kelele kutoka kwake, "Mwambieni yule kwamba fuko hajafa!" Halmashauri ilikuwa inakaribia kukaa. Nikamkuta mama mdogo ameishika chupa, anataka tupakane tena. Nikakimbilia zahanati.

Nesi Luciana alikuja mwenyewe. Akatazama vidole vya kila mtu. Kwa Babu aliingia bila wasiwasi, yeye si mkwe wake.

"Weka chupa hiyo chini, Mama Polikarp," akasema. "Wadudu wamekufa, lakini miili yao na mayai yao bado vimo ndani ya ngozi, na ngozi inavikataa. Ndiyo maana mnawashwa. Itachukua wiki mbili tatu. Ukiendelea kupaka utaiunguza ngozi, halafu utawashwa na dawa. Tazameni kipele kipya. Kipya mmekiona?"

Tukatazamana. Hatukuwa tumekiona.

"Basi ngojeni."

Tukangoja. Kungoja kulikuwa kugumu kuliko kuchota maji, maana mikono haina kazi nayo inataka kukuna. Mama mdogo aliikalia mikono yake. Hata hivyo kila jioni muwasho ulipungua kidogo. Vidonda vya Polikarp vikakauka, vikaacha alama nyeusi, akawa anakalia matako yote mawili na kuwaonyesha watu.

Siku moja kabla ya halmashauri, Nesi Luciana alikwenda kituoni. Mama Margareth alimwita mama mdogo, akamgeuza mikono juu na chini kwenye mwanga.

"Zimebaki alama tu," akasema nesi. "Nyumba nzima imepona. Nzima kabisa, na wa mlango wa pili."

"Haya," akasema Mama Margareth, akamnyooshea mwiko. "Chukua, mwenzangu. Watoto wamechoka kula uji wenye mabonge."

Nilidhani mama mdogo atacheka. Aliupokea, akachungulia ndani ya sufuria, akakwaruza chini kwa kucha.

"Nani ameiunguza hivi?" akauliza.

Akaomba mchanga na majivu, akaanza kuisugua.

Mchana alirudi na ukoko kwenye jani la mgomba. Akaugawa, fungu la kwanza akaliweka kizingitini kwa Babu, akarudi nyuma, akapiga magoti, akapiga makofi. Kisha akaja akaketi kwenye kigoda chake karibu na mafiga. Mkono ukaenda wenyewe kwenye ufa wa ukuta, ukachomoa gunzi. Akalishika. Akalitazama kama mtu aliyesahau alichokuja kukifuata. Halafu akalisukuma chini ya chungu, kwenye moto, akaegemea ukuta.

Polikarp akaingia mbio, mdomo umejaa ukoko.

"Mama! Mwenzangu anasema mwambie aliyepika—"

Nikamziba mdomo. Gunzi lilikuwa bado halijashika moto vizuri, na mama mdogo alikuwa amekwisha lala.

"Kamwambie mwenzako angoje," nikamnong'oneza. Akatoka kwa ncha za vidole, na nikamsikia Babu kule ng'ambo akijibu polepole kwamba sawa, atangoja.